Msalaba wa Maandamano Haukai Kabatini



Kila mwaka ifikapo katikati ya Januari, wakati sisi wengine tumejikunyata ndani kwa baridi, majirani zetu Waethiopia wa hapa Uingereza husherehekea Timkat. Ni sikukuu ya kukumbuka ubatizo wa Yesu katika mto Yordani, na kwa kawaida huangukia tarehe 19. Makasisi huvaa majoho ya kung'aa, miavuli yenye nakshi za dhahabu hufunguliwa, ngoma hupigwa, akina mama hupiga vigelegele ambavyo sikio la Mswahili haliwezi kuvikosea, na juu ya vichwa vya watu hupita misalaba. Ni misalaba waliyoipata kwa michango yao, kama jumuiya yoyote ya ughaibuni inavyochangishana kwa msiba na kwa harusi.

Sasa pandeni basi mpaka Bloomsbury, katikati ya London. British Museum inamiliki vitu vipatavyo 80 vilivyotoka mahali pamoja tu, Maqdala, ngome ya Mfalme Tewodros II wa Ethiopia. Miongoni mwavyo imo misalaba ya maandamano. Ni misalaba ya watu wale wale, ya imani ile ile, iliyofanywa kwa kazi ile ile. Ila hiyo haitoki nje. Haijaandamana na waumini wake tangu mwaka 1868.

Tunasema wazi tangu mwanzo, asije mtu akasema hatukueleweka: misalaba hiyo irudi kwao. Hatusemi ikopeshwe, wala ipelekwe kwa maonyesho ya miezi michache. Irudi. Na tunasema pia kwamba jambo hili linatuhusu sisi Waswahili tuliomo nchi hii, Wakristo na Waislamu, kuliko tunavyopenda kukiri. Sisi tunaoandika haya tumo wa dini zote mbili, na hatukuona haya kukaa meza moja kuyaandika.

Tuanze na kitu chenyewe, maana wengi hubishana bila kujua wanabishania nini. Waliolelewa kanisani kwetu wanaujua msalaba wa maandamano. Ni ule mrefu wenye mpini, unaobebwa na mtumishi wa altare mbele ya watu wote siku ya sikukuu, siku ya Matawi, siku ya mazishi. Padri huja nyuma yake, na askofu vile vile huja nyuma yake. Unapoingia, watu husimama. Ibada ikiisha, yule yule aliyeuingiza huutoa, na watu wakaufuata mpaka nje. Hauhesabiwi kuwa pambo la ukutani. Ni kiongozi wa msafara.

Wa Kiethiopia ni ndugu yake, ila umetiwa kazi zaidi. Fundi huunda umbo kwa nta, hulifunika kwa udongo, hulichoma mpaka nta ikayeyuka na kutoka, kisha humimina shaba iliyoyeyuka pale palipokuwa na nta. Udongo huvunjwa, basi hapatikani msalaba mwingine ulio sawa na huo. Nakshi zake husukwa kama ukili wa mkeka: mstari huingia chini ya mwenziwe ukatokea upande wa pili, na ukiufuata kwa kidole huoni mwanzo wala mwisho. Mara nyingi hauna sanamu ya Yesu aliyesulubiwa. Chini una tundu la kuingizia mpini, na kando ya tundu hilo kuna vikono viwili vya kufungia kitambaa, ili msalaba ukitembea kitambaa kipepee.

Angalieni hilo tundu na hivyo vikono. Tundu ni la mpini, na mpini ni wa mkono wa mtu. Vikono ni vya kitambaa, na kitambaa ni cha upepo. Kila sehemu ya kitu hiki inasema kwamba kimefanywa kitembee. Kukiweka ndani ya kioo bila mpini, bila kitambaa, bila ubani na bila watu nyuma yake ni sawa na kuchukua jahazi, kuling'oa mlingoti na tanga, kuliweka ukumbini na kuwaambia watoto wa shule: tazameni jinsi watu wa pwani walivyosafiri.

Kabla hatujafika kwa waliochukua, tuseme neno kwa wale wenzetu wanaodhani kwamba msalaba ni kitu cha Mzungu, na kwamba tukiudai Ulaya tunadai cha Ulaya. Mfalme Ezana wa Aksum alitia alama ya msalaba kwenye sarafu zake katika karne ya 4. Augustino, mmonaki aliyetumwa kutoka Roma kuwahubiria Waingereza, alifika Kent mwaka 597, na historia yao wenyewe inasimulia kwamba alimwendea mfalme wao kwa maandamano, ametanguliwa na msalaba wa fedha. Hesabuni. Msalaba ulikuwa umekwisha kaa Ethiopia zaidi ya miaka 200 kabla maandamano hayo hayajamfikia mfalme wa Kent. Basi mtu asituambie kwamba Afrika iliazima msalaba kwa Uingereza.

Sasa tuje kwenye mwaka 1868. Tewodros alikuwa amemwandikia barua Malkia Victoria mwaka 1862, asijibiwe. Kwa hasira akamfunga balozi mdogo wa Uingereza pamoja na wamishonari na Wazungu wengine. Hilo lilikuwa kosa, na hatulifichi. Uingereza ikatuma kutoka Bombay jeshi la askari wapatao 13,000 chini ya Jenerali Robert Napier. Vita vya Arogee, chini ya ngome ya Maqdala, vilipiganwa tarehe 10 Aprili 1868. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa Kuu, na mwaka ule kalenda ya Wakristo wa mashariki na ya Wakristo wa magharibi zilikuwa zimekutana. Pande zote mbili zilikuwa za Wakristo, na kwa pande zote mbili ilikuwa Ijumaa Kuu. Waethiopia wapatao 700 waliuawa. Upande wa Uingereza waliokufa kwa majeraha walikuwa wawili.

Siku zilizofuata Tewodros aliwaachilia mateka. Tunaomba msomaji alishike hili vizuri: mateka ambao ndio waliokuwa sababu ya safari nzima walikuwa wamekwisha toka salama pale askari walipoivamia ngome, Jumatatu ya Pasaka tarehe 13. Tewodros hakukubali kushikwa akiwa hai, akajipiga risasi. Ndipo uporaji ukaanza. Kanisa la Medhane Alem, maana yake Mwokozi wa Ulimwengu, likafagiliwa. Ngome ikatiwa moto. Mali iliyotekwa ilibebwa kwa tembo 15 na nyumbu karibu 200 mpaka uwanda wa Dalanta, na huko tarehe 20 na 21 Aprili ikanadiwa. Mnada ule ulileta pauni zipatazo 5,000, askari wakagawiwa. Mnunuzi mkubwa alikuwa bwana mmoja, Richard Holmes, aliyetumwa na British Museum, akiwa na fedha za umma mfukoni.

Kwa hiyo mtu akikuambia vitu hivi vilipatikana kwa njia halali kwa sababu vilinunuliwa, mwulize vilinunuliwa kwa nani. Aliyenunua hakununua kwa kasisi wa Medhane Alem. Alinunua kwa askari aliyekuwa ametoka kulivunja kanisa wiki ile ile. Kwetu sokoni, mtu anayenunua mali kwa mwizi huku moshi wa nyumba iliyoibwa bado unaonekana, hatumwiti mteja.

Kwenye tukio lile palikuwapo mtu ambaye Waswahili wanamjua kwa jina. Henry Morton Stanley alikuwa Maqdala kama mwandishi wa gazeti la New York Herald, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1874 alieleza marundo ya mali ile iliyotekwa. Miaka mitatu baada ya Maqdala, mwaka 1871, Stanley yule yule alitoka Unguja na wapagazi wetu akamfikia Livingstone Ujiji. Na alikuwapo mwingine: Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, aliyekaa Rabai, ambaye kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa London mwaka 1882. Krapf kabla ya kuja kwetu alikuwa mmishonari Ethiopia, akijua lugha ya huko, na jeshi la Napier lilimchukua awe mkalimani, ingawa maradhi yalimrudisha kabla ya mwisho. Hatusemi kwamba Krapf alipora. Tunasema kwamba njia iliyokwenda Maqdala na njia iliyokuja kwetu zilikanyagwa na miguu ile ile, na anayesema historia ya Ethiopia ni ya mbali hajasoma ya kwao.

Tuje sasa kwenye visingizio, maana vipo vingi na vimevaa vizuri.

Cha kwanza ni sheria. Wasimamizi wa British Museum husema mikono yao imefungwa na Sheria ya British Museum ya mwaka 1963, ambayo haiwaruhusu kutoa kitu isipokuwa kwa sababu chache sana. Ni kweli sheria ipo. Lakini sheria haikushuka kutoka mbinguni. Ilitungwa na Bunge, na Bunge hilo hilo limekwisha fungua mlango mara mbili lilipotaka. Mwaka 2004 lilipitisha sheria iliyoruhusu makumbusho kadhaa ya taifa, British Museum ikiwamo, kutoa mabaki ya miili ya watu. Mwaka 2009 lilipitisha nyingine iliyoruhusu kurudisha vitu walivyonyang'anywa watu enzi za Wanazi. Zote mbili zilikuwa sheria za haki, na tunazisifu. Swali letu ni moja tu: kama aliyeporwa na Mjerumani anastahili kufunguliwa mlango, aliyeporwa na Mwingereza ana dhambi gani?

Isitoshe, walikwisha rudisha. Mwaka 1872 Mfalme Yohannes IV aliandika kudai kitabu cha Kebra Nagast kilichochukuliwa Maqdala, nacho kikarudishwa. Mwaka uliotangulia, 1871, Waziri Mkuu Gladstone alisimama Bungeni akasikitika kwamba taji na kikombe cha kanisa vililetwa Uingereza, akasema haelewi kwa nini vililetwa. Baada ya ziara ya Ras Tafari mwaka 1924, taji moja la fedha lilirudishwa, na lile la dhahabu likabaki. Kwa hiyo hili wanaloliita jambo gumu la siku hizi, lililoletwa na wanaharakati wasiojua historia, lilikuwa limekwisha semwa na Waziri Mkuu wao wakati askari wa Maqdala bado ni vijana.

Kisingizio cha pili ni usalama. Husemwa kwamba vitu hivi vikirudi Afrika vitaibwa, vitaoza, vitachomwa vitani. Hapa tutasema kweli hata ile inayotuumiza. Mwaka 1997 msalaba mkuu wa Lalibela, uitwao Afro Aigeba, uliibwa kanisani kwake ukauzwa kwa mkusanyaji wa Ubelgiji, ukarudi baada ya tabu nyingi. Vita vya Tigray vya mwaka 2020 hadi 2022 viliacha makanisa na nyumba za watawa zimeporwa. Hatuwezi kujifanya hatujui.

Lakini na wao waseme yao. Agosti 2023 British Museum yenyewe ilitangaza kwamba vitu vyake vimepotea, vimeibwa au vimeharibiwa, na hesabu iliyotolewa baadaye ilikuwa kama vitu 2,000. Mkurugenzi akajiuzulu. Hatukusikia mtu akipendekeza kwamba kwa kuwa London si salama, mali yote ihamishiwe Addis Ababa. Nyani haoni kundule. Usalama ni kazi ya kufanywa, na atakaye kusaidia afundishe walinzi, achangie milango ya chuma na orodha zenye picha. Jirani yako akiwa na kitasa kibovu, msaada ni kumnunulia kitasa. Huhamishii vyombo vyake kwako ukakaa navyo miaka zaidi ya 150.

Wengine huongeza kwamba Tewodros mwenyewe alivikusanya vingi kwa nguvu kutoka makanisa ya Gondar. Ni kweli alifanya hivyo. Lakini hoja hiyo inamsaidia nani? Ikiwa Tewodros aliviiba kwa makasisi wa Gondar, basi mwenye mali ni makasisi wa Gondar. Mwizi akiibiwa na mwizi wa pili, mali haigeuki kuwa ya yule wa pili.

Kisingizio cha tatu ndicho kinachowapendeza wasomi: kwamba London dunia nzima inaweza kuviona. Sisi tunauliza, dunia ipi? Mkulima wa Lasta aliyefunga siku zake zote za Kwaresima na kumfuata shemasi pekupeku, atapata lini viza ya kuja Bloomsbury? Tunaojua foleni na maswali ya viza ni sisi. Tumewaalika mama zetu kwenye harusi za watoto wetu wakakataliwa. Asituambie mtu kwamba dunia nzima inaingia London.

Na kuna jambo linaloivunja hoja hiyo kabisa. British Museum ina tabot 11. Tabot ni ubao mtakatifu unaowakilisha Sanduku la Agano, ambao kwao kanisa bila huo si kanisa. Kwa heshima ya imani ya Waethiopia, makumbusho hayazionyeshi, wala hayamruhusu mtu kuzitazama ila makasisi wao. Basi zimekaa gizani. Dunia haizioni, wasomi hawazisomi, na waumini hawazipati. Anafaidika nani? Kanisa moja la Edinburgh lilikuta tabot ndani ya kabati, likairudisha mwaka 2002, na maelfu ya watu wakajaa njiani Addis Ababa kuipokea. Mwaka 2024 Westminster Abbey nayo ilikubali kimsingi kuirudisha ile iliyokuwa kwake. Kanisa limeweza kuona. Makumbusho yanashindwa nini?

Cha nne ni mkopo. Mwaka 2018, miaka 150 baada ya Maqdala, makumbusho ya Victoria and Albert yalionyesha vitu vyake vya huko, na mkurugenzi wake akasema yako tayari kuvikopesha Ethiopia kwa muda mrefu. Mwaka 2024 dhahabu ya Waashanti ilipelekwa Ghana kwa njia hiyo hiyo. Tunajua wapo wanaosema shika kidogo kuliko kukosa chote, na hatuwalaumu wenye kiu. Ila jamani, mwenye mali akopeshwe mali yake? Anayekopa hutia sahihi kwamba kitu si chake. Sahihi hiyo ndiyo wanayoitafuta. Ethiopia ikitia sahihi, Ijumaa Kuu ile ya mwaka 1868 itakuwa imepewa hati.

Waingereza wanao uchungu huu katika historia yao, wangeutafuta tu. Katikati ya karne ya 16, enzi za Mfalme Edward VI, maofisa wa serikali walipita kanisa kwa kanisa wakiorodhesha na kuchukua vyombo. Misalaba ya maandamano ya fedha ikayeyushwa ikawa pesa. Leo ule mmoja mmoja wa zamani uliosalia huonyeshwa kama yatima aliyeokoka, na maandishi yaliyo chini yake yana huzuni. Huzuni hiyo ni ya haki. Lakini mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Hayo ni ya wenyeji wetu. Yaliyobaki ni yetu wenyewe, na hapa tutakuwa wakali zaidi, maana mgeni humwonyi kama unavyomwonya ndugu.

Tulipoligusa jambo hili katika mkutano wetu mmoja, majibu yalikuwa mawili. Wakristo wetu walisema, hayo ni ya Wahabeshi, wana kanisa lao. Waislamu wetu walisema, msalaba si wetu. Kikao kikaendelea na ajenda ya bajeti ya chakula.

Kwa ndugu zetu Waislamu tunasema hivi. Yapata mwaka 615, Waislamu wa kwanza walipoteswa Makka, walikimbilia wapi? Walikwenda Habasha. Mfalme Najashi alikuwa Mkristo, na Makureshi walipokuja na zawadi ili wapewe wakimbizi wao, hakuwatoa. Hadithi hiyo tumeisikia chuoni tukiwa watoto, kabla hatujajua kusoma vizuri. Ikiwa ukarimu ule una deni, basi wazao wa waliofichwa wanaweza kusema neno moja kwa ajili ya mali ya wazao wa waliowaficha. Hakuna anayewaomba muusujudie msalaba. Mnaombwa mseme kwamba cha mtu ni cha mtu.

Tena Mswahili wa pwani hahitaji kufundishwa maana ya chombo cha maandamano. Tunayo siwa. Ile ya pembe ya Pate na ile ya shaba ya Lamu hazikuwa baragumu za kuchezea. Zilitangulia mbele ya wakubwa, zilipulizwa harusini na jandoni mwa nyumba kubwa, na asiye na haki nazo hakuzipuliza. Ile ya Lamu ilimiminwa kwa nta na udongo, ufundi ule ule wa misalaba ya Ethiopia. Leo siwa hizo zinahifadhiwa makumbushoni, lakini ni makumbusho ya Lamu, ambako mtoto wa Lamu huenda kwa miguu. Fikirini kama manowari ingefika mwaka ule wa 1868, ikazichukua, na leo tukaambiwa tukazitazame Bloomsbury, au Lamu izikope kwa miaka mitatu. Mngekaa kimya? Wamijikenda waliibiwa vigango vya wazee wao, vikauzwa mpaka Marekani kama mapambo ya sebuleni, na mwaka 2007 viwili vilivyoibwa tangu 1985 vilirudi kijijini. Tulishangilia. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji, na sisi kichwa chetu kimekwisha guswa na wembe.

Kwa ndugu zetu Wakristo tunasema, nendeni Mkunazini. Kanisa kuu la Anglikana la Unguja lilijengwa pale lilipokuwa soko la watumwa, baada ya soko kufungwa mwaka 1873. Ndani yake upo msalaba wa mti ambao husimuliwa kwamba ulitokana na mti wa kule Chitambo, ambako moyo wa Livingstone ulizikwa. Ni kitu cha historia kuliko vingi vilivyomo makabatini. Watalii huingia kila siku wakaupiga picha. Na Jumapili waumini huingia, husali, wala hawazuiliwi na kioo. Basi kumbe inawezekana kitu kikaonekana na dunia na bado kikabaki kanisani kwake! Yale wanayosema hayawezekani Ethiopia yanafanyika kila siku Mkunazini, mbele ya macho ya wageni kutoka London.

Tufanye nini? Hatuna jeshi wala balozi. Lakini wengi wetu tuna kura hapa, na kila mwenye kura ana mbunge. Barua ya ukurasa mmoja inatosha: Sheria ya mwaka 1963 irekebishwe, kama ilivyofunguliwa mlango mwaka 2004 na 2009, ili vitu vya ibada vilivyotekwa vitani viweze kurudishwa kwa wenyewe. Wachungaji na mapadri wa ibada zetu za Kiswahili waseme neno Ijumaa Kuu, siku ambayo ndiyo yenyewe. Walimu wa madrasa wamsimulie Najashi, kisha wamalizie na Maqdala. Tukiwapeleka watoto makumbushoni wakati wa likizo, tuwaonyeshe lile tundu la mpini na kuwauliza: mpini uko wapi, na aliyeushika yuko wapi? Na kama kati yetu yupo aliyeuziwa msalaba wa kale wa Kiethiopia na mchuuzi wa vitu vya kale, asiusifu sebuleni. Aulize ulitoka kanisa gani.

Na Januari ijayo, Timkat ikifika, tutoke. Tuvae makoti mazito twende tukasimame na majirani zetu, Wakristo na Waislamu, tusikie ngoma na vigelegele. Wakituuliza tumefuata nini, tuwaambie tunangoja ile misalaba mingine, iliyochelewa tangu mwaka 1868.

Dawa ya deni ni kulipa.